Swichi Iliyozimwa Mapema

Wakati wa chakula cha mchana, wanafunzi wa Darasa la Sita walikula makande kwa makundi kando ya jiko la shule. Katusiime alikula peke yake, akaosha sahani, kisha akaelekea chumba cha kompyuta. Familia yake ilikuwa imehamia kijiji cha Kibingo hivi karibuni. Yeye aliishi na bibi yake; baba alikuwa bado mbugani na ng'ombe.

"Mtoto wa ng'ombe anakwenda kuchunga kompyuta!" Placidia wa darasa lake alitania. Wenzake wakacheka.

Kompyuta ilikuwa moja tu. Mwalimu Celestin alimruhusu Katusiime ajifunze kuchapa kwa programu ya masomo. Akikosea, programu ilimwonyesha kosa bila kumcheka.

Siku moja aliikuta inawaka, hakuna mtu. Kwenye kioo duara dogo lilizunguka tu, chini yake maneno ya Kiingereza ambayo hakuyaelewa. Nyumbani kwao taa ya sola haikuachwa iwake bure. "Anayeacha taa bila mtu anakula mwanga wa usiku wa mwenzake," bibi husema. Katusiime akazima swichi ya sola ukutani.

Kesho yake programu haikufunguka. Mwalimu alijaribu kuiweka upya, ikagoma katikati.

"Nani aliigusa jana?" aliuliza darasani.

Katusiime alitazama kucha zake. Akisema, atakatazwa kuingia kile chumba. Mchana ataenda wapi?

"Basi huenda diski imekufa," mwalimu alisema. "Nitaipeleka kwa fundi mjini Kayanga. Sijui itarudi lini."

Mchana ule Katusiime alikaa mbele ya kioo cheusi. Nje wenzake walicheza rede, wakiitana majina. Jina lake halikuitwa. Mara mwalimu akaingia, akaanza kuchomoa nyaya.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Huchezi na wenzako?"

"Mwalimu, ni mimi niliyeizima. Duara lilikuwa linazunguka. Nilidhani linamaliza betri bure."

Mwalimu aliuachia waya. "Ulizima kompyuta, au swichi ya ukutani?"

"Ya ukutani."

"Aa! Basi diski haina kosa. Nilikuwa nasasisha programu. Ilikatwa ikiwa nusu, na ile nusu ndiyo inayoizuia mpya kuingia."

Alirudisha nyaya, akawasha, akafuta mabaki ya programu, kisha akaizima kompyuta na kuiwasha tena. Alipoanza kuiweka upya, duara likatokea. Wakakaa wakilitazama, mikono mapajani, hadi likatoweka. Programu ikafunguka.

Katusiime alisubiri kuambiwa atoke.

"Ng'ombe akiugua, baba yako huuliza nini kwanza?" mwalimu aliuliza.

"Alichungwa wapi, na alikunywa maji gani."

"Na aliyemchunga akificha?"

"Ng'ombe atapewa dawa isiyo yake."

"Ndivyo nilivyotaka kufanya mimi. Kuzima lilikuwa kosa la kutojua. Nami sikuacha maelezo. Lakini kunyamaza kungetunyima sote kompyuta. Kosa likisemwa, anayerekebisha anajua pa kuanzia. Kesho utawaeleza wenzako maana ya hilo duara."

Mwalimu alipotoka, Placidia alikuwa mlangoni, mpira wa rede mkononi.

"Eti, hiyo inachungwaje?" aliuliza.

Katusiime akasogea kwenye benchi, akamwachia nafasi.