Utepe wa Njia Panda

Kila asubuhi, Chiriku alipokuwa akipiga mswaki uani, alisikia maneno yaleyale kutoka kizingitini.

"Asante, mguu wa kulia. Asante, mguu wa kushoto. Asanteni viatu, mmechakaa lakini hamkunitupa."

Huyo alikuwa Shangazi yake, ametoka kukimbia. Alikaa kizingitini jasho likimtiririka, akasugua mguu mmoja baada ya mwingine na kuishukuru kwa sauti kubwa, kana kwamba miguu nayo ina masikio. Majirani walikwisha kuzoea. Chiriku alikuwa na miaka kumi na miwili, umri wa kuona haya kwa ajili ya wakubwa.

"Shangazi, punguza sauti. Wenzangu wanapita kwenda shule."

"Waache wasikie. Shukrani haina siri."

Shangazi alikuwa mwoka mikate, na zamu yake ilikuwa ya mchana. Mwaka uliopita Nesi wa zahanati alimpima na kukuta presha imepanda. Alimwambia bila kupaka mafuta, "Dada, usipoushughulisha mwili wako, utatuachia huyu mtoto." Mtoto mwenyewe ndiye Chiriku, ambaye Shangazi alimlea tangu akiwa mchanga wa kubebwa. Maneno yale yalimwingia Shangazi. Akaanza kutembea, kutembea kukawa kukimbia, na sasa alikuwa akijiandaa kwa marathoni pamoja na kikundi cha wakimbiaji wa mtaani, ambamo Nesi naye alikimbia. Mbio zenyewe hakuwa nazo. Mbuzi akiamua, angempita. Lakini presha ilikuwa imeshuka, na kwa hilo alishukuru kila siku.

Chiriku naye aliitwa hivyo kwa sababu mdomo wake haukujua kutulia. Aliongea akila, akioga, na mwalimu alidai kwamba aliongea hata akifanya mtihani.

Jumamosi moja kikundi kilipanga mazoezi magumu kuliko yote, mbio za njia ya mlimani. Kiongozi wao alikuwa fundi baiskeli ambaye kila mtu alimwita Breki, kwa kuwa neno lake lilikuwa moja tu: punguza. Kikundi kilikuwa na desturi yake. Mkimbiaji wa mbele alifunga tepe nyekundu kwenye matawi kila palipokuwa na njia panda, ili wa nyuma wasipotee. Wa mwisho kabisa, aliyeitwa mfagiaji, alizifungua na kuzikusanya. Tepe zikiachwa huko, wiki inayofuata njia ikibadilishwa, watu watafuata alama za zamani na kupotea. Siku hiyo mfagiaji alikuwa Breki mwenyewe, na Chiriku alipewa heshima ya kumsaidia.

"Heshima gani ya kukaa nyuma?" Chiriku alinung'unika. "Mimi naweza kuwapita nusu yao."

"Kukimbia mbele ni kazi ya miguu, mwanangu," Breki alisema. "Kukaa nyuma ni kazi ya kichwa."

Walianza kupanda wote wakiwa na fulana za njano za kikundi. Njia ilikuwa ya mawe na mizizi, na mwinuko ulikuwa mkali hata vicheko vikakatika. Ukungu ulishuka kutoka kileleni ukaanza kufunika miti. Walikuwa hawajafika mbali, Mshonaji, mmoja wa wakimbiaji wa nyuma, akapiga yowe na kuanguka. Msuli wa mguu ulikuwa umembana. Shangazi aliyekuwa karibu naye alipiga magoti papo hapo, akaanza kuukanda mguu kama anavyokanda unga.

Breki alitazama ukungu, akamwita Chiriku.

"Mshonaji hawezi kuendelea. Nitamshusha kwa barabara ya chini. Wewe tangulia ukasimame kwenye njia panda ya juu. Kulia ni njia yetu, kushoto ni machimbo ya mawe, na machimbo hayana uzio. Shangazi yako ndiye wa mwisho. Mwone kwa macho yako, ndipo ufungue utepe, kisha umfuate nyuma mpaka uwanjani, tunakomalizia mbio. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mjomba."

Chiriku alipanda mbio hadi njia panda. Utepe ulikuwa kwenye tawi la upande wa kulia, umelowa. Akasimama. Mwanzoni aliimba, kisha akaongea na utepe, kisha hata yeye akaishiwa maneno. Baridi ilimwingia kwenye mifupa. Alifikiria uwanjani, ambako birika kubwa la chai lilikuwa likisubiri, na watu wa mbele sasa wanapigiwa makofi.

Ndipo akaona fulana ya njano ikitokea vichakani na kukata njia ya kulia ndani ya ukungu.

"Shangazi! Ni wewe?"

Mtu yule aliinua mkono bila kugeuka, akapotea.

"Ndiye," Chiriku alijiambia. Hakumfuata amtazame uso. Alifungua utepe, akautia mfukoni. Na kwa kuwa alijua njia ya mkato ya watoto wanaookota kuni, hakuona haja ya kuzunguka kilele nyuma ya Shangazi mwenye mwendo wa konokono. Akateremka nayo mbio.

Uwanjani alipokewa na Goti, mtoto wa Nesi, aliyekuwa akigawa chai. Goti aliitwa hivyo kwa sababu magoti yake hayakuwahi kukosa kidonda. Chiriku alikuwa bado anapuliza kikombe chake Nesi alipowasili akihema.

"Chiriku, mbona uko hapa? Shangazi yako umemwacha na nani?"

"Si yuko mbele yako? Nilimwona akipita njia panda."

"Akipita? Mimi nilimwacha chini anamkanda Mshonaji. Aliyepita ni mimi. Nilikuwa nimechepuka vichakani mara moja, haja haina adabu. Nilikusikia ukiita nikakupungia mkono."

Chiriku aliweka kikombe chini. Aliupapasa utepe mfukoni, bado ulikuwa na maji.

Muda si mrefu Breki akafika, amemshika mkono Mshonaji. Alitazama watu wote, akauliza Shangazi yuko wapi.

"Labda amechoka akarudi kwa njia ya kijitoni," alisema mmoja.

"Twendeni kijitoni basi," Breki alisema. "Lakini ngoja kwanza. Chiriku, alipita njia panda?"

Goti alimsogelea Chiriku akamnong'oneza, "Sema alipita. Wakijua, hutakuja tena mlimani."

Lilikuwa jambo jepesi. Kutikisa kichwa tu, na lawama ingeupata mguu wa Shangazi au ukungu. Ulimi wa Chiriku, ule usiojua kupumzika, ulikuwa mzito kama jiwe. Lakini akawaza: wakienda kijitoni, hakuna atakayekwenda machimboni. Na Shangazi, akifika njia panda asione utepe, atashika njia pana. Njia pana ni ya kushoto.

Akautoa utepe mfukoni, akauinua watu wote wauone.

"Hakupita, Mjomba. Sikumwona. Niliona fulana ya njano nikafungua utepe. Halafu nikapita njia ya mkato. Shangazi atakuwa amekwenda machimboni."

Breki hakumgombeza. Alichukua utepe ule, kamba na blanketi, akasema, "Nesi, twende. Chiriku, nawe njoo, utuoneshe ile njia yako ya mkato."

Walipanda kwa haraka, na kwa mara ya kwanza Breki hakumwambia mtu apunguze. Chiriku alipanda roho mkononi, machozi yakichanganyika na umande. Aliomba kimoyomoyo apewe nafasi moja tu ya kuaibishwa tena na Shangazi mbele ya wenzake. Walipofika njia panda wakashika kushoto. Ukungu ulikuwa mzito, na mahali fulani mbele yao ardhi ilikuwa inakatika ghafla.

"Kimya," Breki alisema. "Sikilizeni."

Mwanzoni hawakusikia kitu. Kisha, kwa mbali, kwa sauti ya kutetemeka lakini kubwa:

"Asante, mguu wa kulia! Umeteguka lakini hukuvunjika! Asante, mguu wa kushoto, umesimama ulipotakiwa kusimama!"

Chiriku alipiga kelele, "Shangazi!" Breki akamshika bega asikimbie.

Walimkuta ameketi kwenye jiwe, fulana imejaa matope, mguu umevimba. Hatua chache mbele yake palikuwa ukingo wa machimbo. Alipoteleza na kutegua kifundo ndipo aliposikia kokoto zikianguka chini sana, akaelewa yuko wapi. Hakusogea tena. Breki alikuwa amewafundisha kwamba aliyepotea akae palepale na apige kelele, na kelele pekee aliyoizoea ilikuwa kuishukuru miguu yake.

Chiriku alimwangukia miguuni. "Nisamehe, Shangazi. Mimi ndiye niliyefungua utepe. Sikukusubiri. Nilitaka chai."

Shangazi alimvuta kifuani. Walitetemeka pamoja chini ya blanketi moja wakati Nesi akiufunga mguu.

"Tulikuwa tunaelekea kijitoni," Nesi alisema bila kuinua kichwa. "Mtoto asingesema, sasa hivi tungekuwa tunakuita mtoni."

Shangazi akakishika kidevu cha Chiriku.

"Basi leo miguu ingoje. Asante, mdomo wa Chiriku. Siku zote unanichosha masikio, leo umenirudisha nyumbani."

Chiriku alilia zaidi kuliko ambavyo angelia kama angechapwa.

Walipomteremsha, Breki alitembea kando ya Chiriku. "Sikiliza, mwanangu," alisema. "Ulikosea mara mbili. Hukuhakikisha, na ulikimbia kazi uliyopewa. Hayo usiyasahau. Lakini wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ungeongeza uongo juu ya kosa, njia yetu sote ingeishia ukingoni pale. Kosa ukilisema mapema, bado lina dawa. Mwenye kuaminiwa si yule asiyekosea, ni yule ambaye akikosea tunajua atatuambia." Akautoa ule utepe, akampa. "Jumamosi ijayo, wewe ndiye mfagiaji."

Na ndivyo ilivyokuwa. Kila Jumamosi Chiriku alisimama kwenye njia panda, na hakufungua utepe mpaka mkono wake uguswe na mkono wa mtu wa mwisho. Goti alipomcheka, alimwambia, "Macho yalinidanganya. Kiganja hakidanganyi."

Kifundo cha Shangazi kilipona polepole. Siku ya marathoni aliwasili karibu wa mwisho, watu wengine wakiwa wamekwisha kubadili nguo, utepe mwekundu umefungwa kwenye kifundo cha mkono wake. Kikundi kizima kilimngoja na kumpigia makofi kama mshindi.

Jioni alikaa kizingitini kama kawaida, akainama kuvua viatu. Chiriku alimwahi. Alipiga magoti mbele yake, mchana kweupe, wenzake wakipita na ndoo za maji.

"Tulia, Shangazi. Leo nashukuru mimi."

Akaushika mguu wa kwanza kwa mikono miwili, akapaza sauti mtaa mzima usikie.

"Asante, mguu wa kulia, kwa kurudi nyumbani."