Mnyoo wa Samaki Taa

Mtafiti alipofungua maabara asubuhi ile, kiti cha mbele ya hadubini kilikuwa na joto, kama aliyekikalia ameinuka sasa hivi. Ufunguo ulikuwa mmoja tu, nao ulikuwa mkononi mwake.

Akainama kuchungulia. Ukungu mtupu. Lenzi ilikuwa imerekebishwa kwa macho ya mtu asiyeona mbali, na mle ndani hakuna aliyewahi kuwa na macho hayo ila mwenzake wa kazi, aliyezikwa miezi minne nyuma.

Huyo mwenzake ndiye aliyemwona kwanza yule mnyoo bapa, mdogo kama punje ya ufuta, amejibana kwenye matamvua ya kupumulia ya taa, samaki mpana mwenye mkia kama mjeledi. Miaka mitatu alihesabu vijikulabu vyake, akamchora na kumchora tena, hadi akawa na hakika kwamba ni aina isiyojulikana bado. Maradhi yakamchukua kabla hajaandika. Mtafiti akaandika makala, akatia jina lake mwenyewe tu. Alijiambia marehemu hasomi majarida.

Kila asubuhi ikawa hivyo, kiti kina joto na lenzi imebadilishwa. Kisha ikaja harufu ya taa aliyelala juani, kali, inayochoma pua kama mkojo, ikamfuata nyumbani hadi kwenye mto wa kulalia, na mumewe akiapa hanusi kitu. Na adhuhuri moja, jua likiwaka dirishani, akasikia penseli ikikwaruza karatasi nyuma yake, polepole, kwa subira ileile aliyoizoea, naye akakaa shingo imekakamaa, hathubutu kugeuka, mpaka ncha ikavunjika na pumzi baridi ikamgusa sikio.

Alitoka mbio, moja kwa moja hadi kwa mama wa marehemu. Akapiga magoti, akayatapika yote.

"Nimemwibia mwanao, mama. Sasa haniachi hata nipumue. Mwombee anisamehe. Jina lake nitaliandika leo hii."

"Liandike," mama alisema, akimshika kichwa. "Mimi nimeshakusamehe." Kisha akashusha sauti. "Lakini aliyekufuata si mwanangu. Yeye huja kwangu ndotoni, ametulia, anacheka. Hana kinyongo na mtu."

"Basi ni nani, mama?"

Kikongwe alitazama mlangoni, juu ya bega la mgeni wake, akaukaza mtandio kifuani.

"Simjui, binti yangu. Ila umekuja naye. Ukiondoka, ondoka naye."