Dishi Chini ya Bati

Asubuhi hiyo fundi viatu hakugusa nyundo. Binti yake, waliyemwita Kipepeo kwa jinsi mikono yake isivyotulia, alizaliwa kiziwi. Mtaani kwao hapakuwa na mtu wa kumfundisha lugha ya alama. Saa nne, mwalimu aliyekaa mji wa mbali angeanza darasa kwa video. Mtoto asiyeonekana siku ya kwanza angepoteza nafasi yake.

Nyaya za intaneti hazikufika kwao, na mnara wa simu ulikuwa mbali. Ndiyo maana wakanunua dishi la setilaiti. Fundi alilifunga mwenyewe, barazani, chini ya bati.

"Baba Kipepeo, mbona simu inazungusha tu duara?" mkewe aliuliza.

"Subiri. Haraka haraka haina baraka."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo! Namwita jirani."

Jirani yao alikuwa mwanamke fundi umeme. Alipoliona dishi, alicheka mpaka akashika nguzo.

"Shemeji, umelivisha dishi kofia!"

"Nalikinga na mvua. Kitu cha thamani hakilali nje."

"Hiki kimetengenezwa kilale nje. Sikiliza. Setilaiti ni mitambo inayoizunguka dunia, juu zaidi kuliko ndege. Dishi linazungumza na mmoja. Ukipita, linadaka mwingine. Bati likikaa katikati, haviwasiliani. Hata matawi ya mti huzuia."

"Kumbe linataka anga wazi?"

"Wazi kabisa. Kile kisanduku kidogo kilichokuja na dishi ndicho hukaa ndani, kizigawie simu intaneti. Kiko wapi?"

Fundi alikohoa.

"Amekitundika nje ya dirisha," mkewe akasema. "Eti kipate upepo."

Walicheka wote, hata fundi. Kisha kazi ikaanza. Jirani alipanda juu ya paa, mbali na mti, akakaza dishi kwa bolti ili upepo usilitikise. Fundi alishika ngazi huku akinong'ona, "Ee Mungu, tufungulie njia." Mkewe aliingiza kisanduku ndani.

Duara likaacha kuzunguka. Saa nne kamili uso wa mwalimu ukatokea, ukitabasamu. Mwalimu alimpungia Kipepeo, kisha akaanza kusema kwa mikono. Kipepeo alisogea mpaka pua ikagusa kioo cha simu. Hakuwahi kumwona mtu mzima akizungumza hivyo.

"Wazazi nao wajifunze," mwalimu aliwaambia kwa sauti. "Mtoto atazungumza na nani nyumbani?"

Wakajifunza, kila jioni, watatu pamoja.

Siku moja wakati wa chakula, fundi aliomba maji kwa mikono yake iliyokakamaa kwa kushona ngozi. Kipepeo alimkodolea macho, akaangua kicheko, akamwambia mama yake jambo kwa vidole.

"Anasema umeomba mbuzi," mama alisema, akifuta machozi ya kicheko. "Anauliza, mzima au wa kuchoma?"

Fundi aliinua mikono, akajibu taratibu, alama moja baada ya nyingine: "Mzima. Ataosha vyombo."

Kipepeo akacheka mpaka akateleza kitini. Fundi alimshukuru Mungu kimoyomoyo. Binti yake amemtania, naye amemjibu.