Yudith na Lori la Jeshi

Kila siku ya gulio Yudith alijitwika tenga la kabichi, akatangulia njiani, na mama yake Esta akafuata na viazi. Mwaka huo wa 1975 kijiji chao cha Mtae kilikuwa na shamba la ujamaa, lakini kabichi zilitoka bustani ya nyumbani, naye Yudith ndiye aliyezitunza. Alikuwa ametimiza miaka kumi na minane. Baada ya mavuno angeanza mafunzo ya uuguzi katika hospitali ya Bumbuli, nafasi aliyoipata kwa jasho.

Siku hiyo lori la jeshi lilisimama sokoni kutafuta askari wapya. Kando yake alikuwapo Sajini Abdallah, mtu wa makamo mwenye sare iliyonyooka na maneno matamu.

"Shikamoo," Yudith alimwamkia.

"Marahaba, binti. Unapenda kazi gani?"

"Uuguzi."

"Jeshini tuna hospitali. Utapewa sare, chakula na malazi. Si ni vizuri?"

"Ndiyo, afande."

"Na taifa unalipenda?"

"Ndiyo, afande."

"Basi tumekubaliana. Tunaondoka saa nane."

Hapo ndipo lilipotokea kosa. Katika milima ile mtoto aliyelelewa vizuri hamhoji mkubwa. Huinamisha macho akaitika. Yudith alikuwa akiwaitikia hivyo baba zake wadogo na mchungaji tangu utotoni, na hakuna aliyewahi kumpakia kwenye lori kwa ajili hiyo. Sajini yeye alidhani amepata askari.

Yudith alirudi kwenye kabichi, akamsimulia mama yake. "Nimeshaitika, mama. Nikikataa sasa atasema sina adabu."

"Unataka kwenda?"

"Hata sijui nakwenda kufanya nini."

"Hujui, na ulikuwa tayari kupanda?" Esta alifunga khanga yake vizuri. "Twende ukamuulize."

Walikuta lori limeshawashwa na vijana wawili wamekaa juu. Sajini alikuwa akitazama saa yake. Yudith alimsogelea.

"Afande, samahani, naomba kuuliza. Nikifika huko nitasomea uuguzi?"

"Kwanza utafunzwa uaskari. Halafu wakubwa watakupangia kazi."

"Wanaweza kunipangia jikoni?"

"Wanaweza. Au stoo, au mpakani."

"Nikishindwa, nitarudi nyumbani?"

"Mpaka mkataba uishe."

Watu walikuwa wameanza kusogea kusikiliza. Yudith aliogopa sana, lakini hakurudi nyuma. "Basi sijakubali, afande. Niliitika kwa heshima tu. Nitakwenda Bumbuli."

Sajini alikunja uso. "Ungesema mapema," alisema, akapanda mbele. Kabla lori halijaondoka, kijana mmoja aliruka chini akasema anakwenda kwanza kuzungumza na baba yake.

Njiani kurudi Yudith aliuliza, "Nimemkosea, mama?"

"Hapana. Jeshi ni kazi ya heshima, na mjomba wako aliifanya," Esta alisema. "Lakini anayetafuta askari lazima asifu jeshi, ndiyo kazi aliyotumwa. Wewe yako ni kuuliza: nitafanya nini, kwa muda gani, na nani ataamua. Ukishajibiwa, rudi nyumbani ukafikiri, ujibu siku nyingine. Mkubwa tunampa shikamoo, mwanangu. Hatumpi maisha yetu kabla hatujamuuliza anakwenda kuyafanyia nini."