Chafya Iliyoibwa

Chafya haikutokea.

Wanachama wanne wa klabu ya wasikilizaji wa santuri walikuwa wamekaa wima katika karakana ya ushonaji, Jumamosi saa tisa alasiri, wametega masikio. Piano iliteremka taratibu, fidla zikanyamaza, ikafika pale penyewe. Muuguzi, kwa mazoea, alikuwa ameshafungua mdomo kusema "Afya", kama kila mwaka. Piano ikapita zake. Mama Sindano, mshonaji mwenye karakana, akanyanyua mkono wa gramafoni, akaitoa santuri na kuigeuzageuza kwenye mwanga. Kisha akakaa chini akalia.

Inspekta alifika baada ya nusu saa pamoja na Sajenti wake. Alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwepesi wa kutembea na mzito wa kuamini. Siku hiyo alikuwa amepewa ruhusa ya kutoka mapema, na uso wake haukuficha jambo hilo.

"Kimeibwa nini, mama?"

"Chafya ya mume wangu."

Sajenti aliacha kuandika. Inspekta alimkanyaga mguu kabla hajacheka.

"Nieleze vizuri."

"Marehemu hakupenda kurekodiwa, mwanangu. Hakuacha kanda, wala video, wala ujumbe wa simu. Miaka thelathini iliyopita tulikwenda kusikiliza okestra ukumbini. Onyesho lile lilirekodiwa, zikatolewa santuri chache tu. Katikati ya sehemu ya pili, pale palipo kimya kabisa, mume wangu akapiga chafya. Ukumbi mzima uligeuka. Niliona aibu mpaka nikataka kujificha chini ya kiti." Alijifuta macho kwa kipande cha bitana. "Leo hiyo chafya ndiyo sauti yake pekee niliyobaki nayo. Naisikiliza mara moja kwa mwaka, siku ya ndoa yetu, ili isichakae. Na siku yenyewe ndiyo leo."

Inspekta aliisahau ruhusa yake. Alikuja akidhani ameitiwa upuuzi, na sasa alimtaka mwizi huyo kwa udi na uvumba.

Alipiga jicho chumbani. Meza ya kukatia vitambaa ilikuwa imesukumwa ukutani. Sanamu ya kupimia nguo ilivaa gauni lenye mkono mmoja, na begani mwake ulining'inia ufunguo wa kabati la santuri.

"Nani anajua ufunguo unakaa hapo?"

"Sisi sote," alisema Muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya wodini. "Hapa hatufichani kitu, afande. Kila Jumamosi mmoja analeta santuri aipendayo, tunasikiliza, halafu tunabishana mpaka chai inapoa."

"Na hii ya leo, mmejua lini kwamba siyo yenyewe?"

"Mimi dakika ya pili. Okestra ni nyingine kabisa."

"Mimi kabla ya hapo," alisema Fundi Saa, mzee mkavu mwenye lenzi iliyosahauliwa kwenye paji la uso. "Mpiga piano wetu huanza kwa kusitasita. Huyu kaingia bila hodi."

"Mkanyamaza?"

Wote walimtazama kwa mshangao.

"Afande, santuri ilikuwa inacheza," alisema Muuguzi. "Hapa haongei mtu mpaka upande uishe. Fundi Saa aliwahi kumwagikiwa na chai ya moto mapajani, akasubiri dakika kumi na moja."

"Kumi na mbili," alisema Fundi Saa.

Mwanachama wa nne alikuwa daktari wa meno, mwanamume mrefu, mpole, aliyevaa koti jipya ambalo bado lilikuwa na mikunjo ya dukani.

"Na wewe, Daktari, hii ya leo uliitambua?"

"Hapana. Sijawahi kuisikia rekodi hiyo maishani."

Sajenti aliandika.

Mtaalamu wa alama za vidole alifanya kazi saa nzima, akafunga sanduku lake kwa unyonge.

"Hamna kitu, afande. Hawa watu hushika santuri kwa viganja, pembeni kabisa. Hata mwizi wao ana adabu."

Jumatatu asubuhi ripoti ya maabara ilikuwa mezani. Santuri ya asili ilikuwa na lebo nyeupe isiyo na maandishi. Mwizi alikwangua lebo ya santuri yake mpaka majina yote yakafutika, akabandika juu yake karatasi nyeupe iliyokatwa duara safi, halafu akaiingiza katika jalada la Mama Sindano. Sajenti alikwenda stoo ya vielelezo, akatoa gramafoni iliyokuwa haina mwenyewe, wakaisikiliza santuri ile pande zote mbili, mlango umefungwa.

Nyumbani kwake Inspekta alizoea taarifa ya habari tu. Piano ilipokwisha alikuta chai yake imepoa.

"Turudie, afande?" aliuliza Sajenti. "Kwa ajili ya upelelezi."

Walirudia. Mara ya tatu Inspekta aligonga meza kwa kidole.

"Mwizi wa kawaida angetia jaladani kitu chochote cha duara. Huyu ametafuta kipande kilekile cha muziki, tena kilichopigwa vizuri hivi. Ameiba, lakini hakuwa radhi kuwasikilizisha wenzake kitu kibovu. Santuri hii anaipenda, Sajenti. Hebu tuitukane tuone nani ataumia."

Aliwaita mmoja mmoja.

"Mpiga piano huyu hajui kazi," alimwambia Muuguzi.

"Ana haraka kama anawahi basi," alisema Muuguzi kwa furaha. "Mimi simtaki."

Fundi Saa alifikiri kwanza. "Sehemu ya kwanza ana papara. Ya pili amejitahidi. Ya tatu siwezi kusema, hatukufika."

Daktari wa meno aliingia wa mwisho, akaweka mikono magotini.

"Unaionaje santuri ile?"

"Ya kawaida."

"Mimi naiona takataka. Huyo mtu anapigilia misumari."

Daktari alirekebisha miwani. "Kila mtu na sikio lake."

"Okestra inamkimbia."

"Inawezekana."

"Na mkono wake wa kushoto umelala."

Daktari alivua miwani. Aliifuta, akaivaa, akaivua tena.

"Umelala?" alisema polepole. "Mkono wa kushoto? Inspekta, uniwie radhi, hilo siwezi kuliacha lipite. Sikiliza sehemu ya tatu, karibu na mwisho, pale okestra inapomwachia peke yake. Mkono wa kulia unashuka, wa kushoto unapanda, inapishana kama watu wanaosalimiana kwenye ngazi. Nimeisikiliza miaka kumi na bado nywele zinanisimama..."

Sajenti alikuwa ameinua kichwa.

"Sehemu ya tatu iko upande gani wa santuri?" aliuliza Inspekta.

"Wa pili."

"Jumamosi mlisikiliza upande gani?"

"Wa kwanza tu."

"Sajenti, msomee maneno yake."

"'Sijawahi kuisikia rekodi hiyo maishani.'"

Daktari aliinamisha kichwa. Alionekana kama mtu aliyetua mzigo.

"Ya mama iko wapi?"

"Salama, nyumbani kwangu. Nimeisimamisha wima, mbali na jua. Haina hata mkwaruzo."

"Kwa nini uliichukua?"

"Nilijiunga na klabu miaka sita iliyopita," alisema. "Mwaka wa kwanza tu nilijua ninampenda Mama Sindano. Nikasema, nitamwambia siku ile ya chafya, kwa sababu siku ile huwa amejaa furaha. Nikanunua koti. Marehemu akapiga chafya. Mama Sindano akacheka huku analia, nikaona aibu, nikarudi nyumbani na maneno yangu. Mwaka wa pili vivyo hivyo. Nina makoti sita, Inspekta. Kutwa nzima kazi yangu ni kuwaambia watu wafungue midomo. Wangu umenishinda."

"Ukaamua kumnyamazisha marehemu."

"Kwa mwaka mmoja tu. Nilidhani watalaumu usikivu wao, waseme chafya imewapita. Niseme langu, kisha nirudishe. Sikujua kwamba atalia. Alipolia nilitamani kufa."

Inspekta aliuma shavu kwa ndani ili asicheke, kwa sababu mtu yule alikuwa anaumia kweli.

Alasiri hiyo walikuwa karakanani, Daktari ameikumbatia santuri kifuani. Alimweleza Mama Sindano kwamba mwizi ni yeye, na hakujitetea. Sababu hakuisema. Alipofika hapo alikwama kabisa.

"Umeniibia mume wangu siku mbili nzima," alisema Mama Sindano. Hakupandisha sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Nimekosa."

"Kwa nini?"

Daktari alifungua mdomo, akaufunga.

Mama Sindano aliichukua santuri, akaikagua kwenye mwanga wa dirisha, akaiweka kwenye gramafoni. Wakakaa wote. Mpiga piano alianza kwa kusitasita. Sehemu ya kwanza ikaisha, ya pili ikaingia, fidla zikanyamaza. Na katikati ya kimya kile ikalipuka chafya kubwa, ya mtu mwenye afya njema asiyejua kuomba radhi.

"Afya," walisema Inspekta na Sajenti kwa pamoja, bila kupanga.

Mama Sindano alicheka mpaka machozi yakamtoka. Daktari alitaka kusema kitu, naye akamwinulia kidole. Walisubiri upande uishe, dakika tano, hakuna aliyejikuna. Kisha Mama Sindano akaunyanyua mkono wa gramafoni na kumgeukia.

"Haya. Mwenzako ameshamaliza. Sasa sema."

Daktari akasema. Alianzia katikati, akarudi nyuma, akataja makoti yote sita, akasahau neno lenyewe, akalikumbuka mwishoni. Mama Sindano alimsikiliza mpaka akaishiwa pumzi.

"Miaka sita nakuona unakuja na koti jipya siku ya ndoa yangu," alisema. "Nami miaka sita najiuliza huyu bwana atasema lini. Nilianza kudhani amenifanya dada yake."

Fundi yule wa kung'oa meno alitabasamu kwa uso wote.

Inspekta alikohoa kidogo. "Mama, sheria inanitaka nikuulize. Unataka tumfungulie mashtaka?"

"Andika kwamba nimesamehe, mwanangu, halafu vuteni viti. Upande wa pili bado."