Ndizi za Bibi wa Vudee

Kila asubuhi Hedwiga aliamka na hasira zake. Alitoka uani, akachukua kikombe cha bati kilichokuwa kipimo chake cha maji ya siku, akanywa maji kidogo kidogo huku amekunja uso. Jua la Same lilikuwa limeshaanza kuunguza ukuta, lakini yeye alikuwa bado amevaa sweta lake la mlimani. Mama yake, Susana, alipomwambia alivue, alijibu vilevile kila siku.

"Sijahamia hapa, mama. Napita tu."

Na kweli walikuwa wanapita. Hedwiga alikuwa na miaka kumi na miwili, na figo zake zote mbili zilikuwa zimeacha kufanya kazi. Ilimlazimu kwenda hospitali Moshi kila baada ya siku chache kusafishwa damu kwa mashine, na barabara ya kutoka kwao Vudee haipitiki mvua ikikolea. Kwa hiyo baba yake, Filemoni, alifunga nyumba ya mlimani, akapanga vyumba viwili Same mjini, akapata kazi kwa fundi seremala. Wangekaa hapo mpaka Hedwiga apandikizwe figo ya shangazi yake Agnes. Baba alipimwa akakataliwa kwa sababu ya shinikizo la damu, na damu ya mama haikuoana na ya mtoto. Shangazi alipoulizwa, hakuomba hata siku moja ya kufikiri.

Hedwiga alishukuru kuhusu figo, lakini mengine yote aliyakataa. Alikataa kufungua begi lake la nguo. Alikataa kuingizwa shule ya Same. Watu wakimwambia "pole mgonjwa," aliwatazama mpaka waangalie pembeni. Kilichomuuma zaidi ni kwamba watu wazima walikuwa wanaongea habari za mwili wake bila kumshirikisha. Daktari Nasrin wa Moshi alimwita mama pembeni, wakanong'onezana, kisha mama akarudi na amri: maji kwa kipimo, chumvi hakuna, ndizi hakuna.

"Ndizi zina nini?" aliuliza Hedwiga.

"Daktari amekataza. Basi."

Sasa ndizi ndizo zilizokuwa zinakuja. Kila gari la Vudee liliposhuka, kondakta alimpigia baba simu: mzigo wa Bibi upo stendi. Mama yake baba alikuwa amejaza kiroba ndizi mbivu na maparachichi. Kwa watu wa Vudee, mtoto aliye mbali haachwi ale vya kununua kana kwamba hana kwao. Na mkwe anayerudisha mzigo wa mama mkwe anajitafutia kesi itakayosikilizwa na ukoo mzima, na Wapare kwa kesi hawachoki. Mama aliupokea mzigo, akapiga simu kushukuru, kisha akamtuma Hedwiga azigawe ndizi kwa majirani.

Hedwiga alizigawa. Lakini kila mara alibakiza chache, akajificha nyuma ya simtanki la maji, akazila moja baada ya nyingine bila haraka. Alijiambia kwamba ndizi zilimlea tangu hajaota meno, na hakuna mtu wa Moshi wa kumtenganisha nazo. Muuguzi alipomuuliza amekula nini, alijibu bila kupepesa macho: ugali na kabichi.

Siku Shangazi Agnes aliposhuka kutoka Vudee kwa vipimo vyake vya mwisho, walikwenda Moshi wote watatu, yeye, mama na Hedwiga. Majibu ya shangazi yalikuwa mazuri. Ya Hedwiga yalimfanya Daktari Nasrin avue miwani. Safari hii alisema mbele ya wote, kwa sababu hakuwa na subira tena.

"Kuna kitu anakula. Kipimo hiki kimepanda tena, na si mara ya kwanza. Sitaweza kuandika kwamba yuko tayari kwa upasuaji mpaka nijue ni nini. Figo mpya inataka mtu wa kufuata masharti maisha yake yote. Tusimpasue shangazi yake bure."

Ndani ya basi la kurudi Hedwiga alitazama dirishani. Aliogopa kwamba akisema ukweli ataikosa figo, na asiposema ataikosa vilevile.

Walipofika, mama hakuingia hata ndani. Alivuka ua moja kwa moja hadi kwa Bi Tausi, mama mwenye nyumba, aliyekuwa anakuna nazi kibarazani. Kila mama alipokwenda sokoni kuuza mboga, Bi Tausi ndiye aliyebaki na Hedwiga na kumpikia cha mchana.

"Bi Tausi, nakuuliza kwa heshima. Mwanangu unampa nini?"

Bi Tausi aliacha kukuna. "Nampa ulichoniambia nimpe."

"Daktari anasema kuna kitu anakula. Nyumbani kwangu hakili. Basi anakila wapi?"

Bi Tausi hakupandisha sauti. Aliingia ndani akatoka na sufuria ndogo, akaiweka chini mbele ya mama. "Hii ni yake peke yake. Nimeitenga tangu mlipohamia ili hata chumvi ya wanangu isiiguse. Kama nimekuwa mtu wa kumdhuru mtoto wa watu, ichukue, nisipike tena."

Hedwiga aliitazama sufuria ile akaona aibu mpaka masikio yakamwaka. Kuwabishia watu wazima aliweza siku nzima. Kumtazama Bi Tausi akivishwa kosa lisilo lake hakuweza.

"Ni mimi," alisema. "Ninakula ndizi za Bibi. Ninajificha kule nyuma ya simtanki. Bi Tausi hajanipa kitu chochote."

Mama alimgeukia mkono umeshanyanyuka, lakini Shangazi Agnes akaudaka. "Ngoja, wifi. Mwache amalize. Kwa nini, Hedwiga?"

"Kwa sababu kila mtu ananikataza na hakuna anayeniambia sababu," Hedwiga alisema, na machozi yakamtoka bila kumpunguzia ukali. "Mnaniondoa kwetu, mnaniondoa shule, mnanipimia maji. Nikiuliza, mnasema basi. Na kama ndizi ni mbaya, kwa nini mnaziacha zije?"

Swali lile liliwakalia vibaya. Mama aliketi kwenye ngazi ya kibaraza. "Nani atamwambia mama mkwe wake asitume ndizi?" alisema kwa sauti ndogo. "Ningemwambia nini? Angesema namkatalia mjukuu wake."

"Nitamwambia mimi," alisema Hedwiga.

Shangazi alipiga simu, akaiweka sauti ya nje, akampa.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Ndizi zimefika?"

"Zimefika. Naomba usitume tena. Zinaniumiza."

"Nani kakutuma useme maneno hayo? Baba yako amekua kwa ndizi hizo hizo."

"Sijatumwa. Baba ana figo, Bibi. Mimi sina."

Sauti ya Bibi ilirudi imetulia. "Na mama yako alikuwa ananishukuru kila wiki. Haya. Nitatuma kabichi. Mwambie mama yako siku nyingine aniambie ukweli, mimi sing'ati."

Mama alicheka na kulia kwa pamoja. Akamwendea Bi Tausi, akamwomba radhi bila kuzungusha maneno. Bi Tausi alichukua sufuria yake. "Hedwiga, ungekuwa wangu ningekutandika," alisema, "kisha ningekupikia. Sasa acha tu nikupikie."

Safari iliyofuata ya Moshi, Hedwiga ndiye aliyetangulia kuingia kwa daktari.

"Nilikudanganya," alisema. "Nilikuwa ninakula ndizi. Kama unaniondoa kwenye upasuaji, uniambie mimi, usimwite mama pembeni."

Daktari Nasrin alimvutia kiti. Akamweleza kwamba ndizi na parachichi zina madini ya potasiamu kwa wingi. Figo nzima huyatoa mwilini yaliyozidi. Zikishindwa, yanajaa kwenye damu, na yakizidi sana moyo unaweza kusimama ghafla, bila hata kuuma kwanza.

"Ungeniambia hivyo tangu mwanzo," alisema Hedwiga.

"Ni kweli. Hilo ni kosa langu," alisema daktari. "Kuanzia leo tutaongea na wewe pia. Na wewe utaniambia kila unachokula, hata kama unajua nitakasirika."

Hedwiga alitimiza. Alibaki na hamu ya ndizi na akaitukana hamu hiyo waziwazi, lakini nyuma ya simtanki hakurudi. Wiki zilivyopita vipimo vilitulia, na siku moja daktari akamtajia yeye mwenyewe tarehe ya upasuaji. Hedwiga aliuliza maswali mpaka wagonjwa waliokuwa nje wakaanza kukohoa.

Walipotoka, Shangazi Agnes alimkalisha kwenye benchi la kungojea basi.

"Mimi nina figo mbili, na moja nakupa," alisema. "Sikupi ili uwe mpole. Mtoto mpole angeshakata tamaa zamani, na ubishi wako ndio umekufikisha hapa. Lakini ukibisha kwa uongo, unawaumiza wanaokupenda na unajiua mwenyewe. Ukibisha kwa ukweli, hata daktari anakusikiliza. Umeona mwenyewe."

Hedwiga alimgeukia. "Na nikikataa jambo lako, shangazi?"

"Nikatalie hapa hapa usoni," alisema Shangazi Agnes. "Nitakasirika, kisha tutaongea."