Aliyeiba Gari Lisilo na Injini

Gari liliibwa mchana kweupe, siku ya Ijumaa, wanaume wote wa Kiswere wakiwa msikitini. Mzee Mudathiri alitoka kuswali, akapitia dukani kununua majani ya chai, akafika kwake na kukuta mawe manne uani. Gari lililokuwa juu ya mawe hayo halikuwepo.

Saa kumi alasiri Inspekta Romana alikuwa amesimama kwenye eneo la tukio, daftari mkononi. Alikuwa na miaka kumi na minne katika kazi ya upelelezi, mtoto wa wakulima wa milimani huko Kilwa ya ndani, mwanamke mfupi asiye na haraka. Dereva wake, Konstebo Frank, alikuwa akipima alama mchangani kwa utepe.

"Shikamoo, mzee. Ni gari la aina gani?"

"Marahaba. Pikapu nyeupe, ya zamani. Nimeiendesha miaka thelathini. Samaki, nazi, wagonjwa, maharusi, wote wamepanda humo."

"Namba ya injini unaikumbuka?"

Mzee akatazama pembeni. "Halina injini."

Frank akaacha kupima.

"Halina kabisa?" Romana aliuliza.

"Mwaka wa pili huu. Lilikuwa limekaa tu hapo."

"Sasa nani aibe gari lisilotembea?"

"Ndiyo maana nimewaita," mzee alijibu kwa ukali. "Ningemjua nisingewasumbua."

Romana akachuchumaa. Matairi, ambayo mzee alisema yalikuwa bapa, yalikuwa yamejazwa upepo kabla ya kuondoka. Alama zake zilikuwa safi. Mbele yake zilipita alama za gari jingine. Magari yote mawili yalikuwa yamekata kona ya ua bila kuugusa mpapai.

"Limevutwa kwa chuma, afande, si kwa kamba," alisema Frank. "Na aliyeshika usukani anaijua kazi."

"Huo unyayo hapo mlangoni?"

"Buti la gereji. Dogo, namba thelathini na nane hivi."

Romana akaiandika. Halafu akaona kikapu chini ya upenu wa jiko. Kuku mwekundu alikuwa ameatamia ndani yake, na pembeni aliwekewa maji kwenye kibakuli.

"Huyu asubuhi alikuwa hapa?"

"Alikuwa ndani ya gari, kwenye kiti cha abiria." Mzee mwenyewe alishangaa. "Mwizi kamhamisha?"

"Pamoja na mayai yake yote." Romana alinyoosha mkono kuyahesabu. Kuku akamdonoa, naye akaurudisha mkono haraka.

"Usimguse, mwanangu. Anamkubali mke wangu peke yake."

Inspekta alikinyonya kidole chake kilichodonolewa, akautazama mlango wa jiko.

Mtu wa kwanza kuhojiwa alikuwa Abdulatifu, mnunuzi wa vyuma chakavu. Alikuwa amekubaliana na mzee kwamba Jumamosi angekuja kulikata gari lile vipande vipande. Jumamosi ilipofika alikuja kweli, akamkuta Romana anamsubiri.

"Jana saa saba ulikuwa wapi?"

"Safu ya pili msikitini, nyuma ya huyohuyo mzee."

"Ulilitaka gari."

"Nilikwishakubaliwa, afande! Mtu anaiba kitu anachokuja kukichukua kesho yake?" Akainua mguu wake mkubwa mpaka usawa wa kiuno. "Na hizo nyayo mnazosema, nipimeni basi. Arobaini na nne!"

Frank akainama kuficha kicheko. Abdulatifu aliachiwa.

Romana alikuwa amekwishaulizia kwenye kizuizi cha barabara kuu, lakini askari aliyekuwa zamu Ijumaa alikuwa mapumzikoni. Aliporejea kazini Jumanne, alipiga simu mwenyewe.

"Pikapu nyeupe inayovutwa? Nimeipitisha mimi, afande, ikielekea kaskazini. Dada mmoja ndiye alikuwa kwenye usukani, amevaa ovaroli na mtandio. Akatuamkia wote kwa adabu. Kadi ya gari alikuwa nayo."

"Kadi ina jina gani?"

"Mwanahija. Nilidhani ndiye yeye mwenyewe."

Romana alirudi Kiswere mchana uleule. Bi Mwanahija, mke wa Mzee Mudathiri, alikuwa jikoni anakuna nazi. Inspekta akajivutia kigoda.

"Bi Mwanahija, lile gari ni la nani?"

"La mume wangu."

"Nauliza kwenye kadi."

Mama akaacha kukuna. "Langu. Nililinunua kwa bangili zangu za harusi. Yeye alichukua funguo akaendesha. Miaka yote hiyo hajawahi kuuliza kadi ina jina gani."

"Kuku nani alimhamisha?"

"Mimi. Ningemwacha asafiri na mayai?"

"Na kadi iko wapi sasa?"

"Nimemwazima mtu, na gari pia."

"Mtu gani?"

Bi Mwanahija alifuta mikono kwenye khanga yake, taratibu, kidole baada ya kidole. "Mtu niliyemzaa mwenyewe."

Mzee Mudathiri alikuwa amesimama mlangoni, na alikuwa amesikia yote. "Warda?" alisema. Jina hilo halikuwa limetamkwa na mdomo wake kwa miaka miwili.

Jumatano asubuhi walielekea Somanga, kwenye gereji aliyowatajia Bi Mwanahija, kwa gari la polisi, Frank akiendesha, mzee akiwa kiti cha nyuma. Hakutaka kufuta malalamiko. Alitaka, alisema, kumwona mwizi kwa macho yake.

"Kwa nini binti yako aliondoka nyumbani?" Romana alimuuliza njiani.

"Amesomea ufundi wa magari. Akalitia gari langu injini ya dizeli. Siku ya kwanza tu tunakwenda nalo Lindi, injini ikadondoka. Katikati ya lami! Watu wakajaa. Nikamwambia asiliguse tena gari langu. Akaondoka."

Gereji yenyewe ilikuwa paa la bati nyuma ya akina mama wakaanga samaki. Pikapu nyeupe ilikuwa pale, boneti wazi. Msichana wa miaka ishirini na saba hivi alikuwa ameinamia ndani yake, mguuni buti dogo. Aliponyanyuka na kuwaona, spana ilimtoka mkononi.

"Shikamoo, baba."

Mzee hakujibu.

"Wewe ndiye Warda binti Mudathiri?" aliuliza Romana.

"Ndiye mimi."

"Ijumaa ulilichukua gari hili Kiswere?"

"Nililichukua. Mwenzangu alilivuta kwa gari la gereji, mimi nikashika usukani."

"Kwa ruhusa ya nani?"

"Ya mama. Alinipigia simu analia, akasema Jumamosi linakatwa."

"Kwa nini saa ya swala?"

"Ili nisimwone baba. Ningemwona usoni ningeghairi."

"Na ulitaka kulifanyia nini?"

Warda akasogea pembeni ili waone. Ndani ya boneti ilikaa injini ndogo ya dizeli, imesafishwa mpaka inang'aa.

"Imetoka kwenye gari dogo lililopinduka. Nimeishughulikia miezi kumi na moja kabla sijawa na gari la kuitia." Sasa maneno yalikuwa yanamtoka kwa kasi. "Gia boksi ni ileile ya zamani, haikubaliani na injini hii. Ilibidi nichonge sahani ya chuma ya kuziunganisha. Nimeichonga mara nne kwa vipimo nilivyoviandika nikiwa nyumbani. Mara tatu matundu yalipishana. Ukikosea milimita mbili tu, klachi inakwisha."

"Kwa nini injini ndogo?"

"Chesisi hii iliundwa kubeba injini nyepesi, afande. Ile ya kwanza ilitoka kwenye lori. Uzito wake ulirarua vishikizo vinavyoishika injini."

"Hukujua kwamba ni nzito?"

"Nilijua."

"Kwa nini uliitia, basi?"

Warda akaokota spana, akaifuta, akaendelea kuifuta.

Romana alikuwa amehoji watu wengi. Alijua ukimya wa mtu anayejificha, na alijua ukimya wa mtu anayemficha mwingine. Akageuka.

"Mzee Mudathiri, ile injini ya lori nani aliichagua?"

"Fundi ndiye aliye—"

"Sikuulizi aliyeifunga. Nauliza aliyeichagua."

Mzee akavua kofia yake, akaitazama ndani, akaivaa tena.

"Mimi," alisema. "Aliniambia nzito. Aliniambia mara mbili. Nikamwambia asinifundishe gari ninaloliendesha tangu hajazaliwa."

"Na ilipodondoka?"

"Watu walikuwa wanacheka, mwanangu. Nikawaambia ndiyo kazi ya mtoto wa kike hiyo." Akamtazama binti yake. "Akanyamaza. Angeweza kunitaja mbele ya barabara nzima, akanyamaza. Mpaka leo hii, mbele ya polisi, bado ananinyamazia."

Frank alijifanya anakagua tairi.

"Nilitaka utembee tena, baba," Warda alisema. "Mama anasema hutoki, unashinda umekaa tu unalitazama. Na mimi nilitaka kulimaliza. Kila injini niliyofunga hapa, nilikuwa naisikia ile ikidondoka."

"Inawaka?" mzee aliuliza.

"Sijajaribu bado. Nilikuwa naogopa."

"Ijaribu."

Warda alipampu mafuta kwa mkono mpaka mapovu yakaisha. Akaingia, akageuza ufunguo nusu, akasubiri taa ya hita izimike, akapiga. Injini ikakohoa. Ikanyamaza. Akasubiri, akapiga tena. Ikakohoa, ikatema moshi mweupe, ikayumba kidogo, kisha ikashika: tuku-tuku-tuku, sawasawa, bila kukatika.

Mkaanga samaki mmoja akapiga kigelegele, wenzake wakampokea. Frank alisahau kwamba amevaa sare, akapiga makofi.

Mzee Mudathiri aliinama kuchungulia vishikizo, kimoja kimoja. Akaweka kiganja juu ya injini, akakiacha pale.

"Haitikisiki," alisema.

"Haitikisiki, baba."

"Nilikukosea, Warda. Nisamehe." Halafu, kana kwamba amekumbuka deni la salamu: "Marahaba. Marahaba, fundi wangu."

Warda akashuka, akamkumbatia na mikono yake yote ya grisi. Kanzu nyeupe ikaharibika mgongoni, na mwenye kanzu hakujali.

Romana alifungua jalada juu ya boneti ya gari la polisi.

"Mlalamikaji, tuandike nini?"

"Andika mwenye gari alimpa mwanawe gari lake. Na mimi niandike mwongo."

"La mwisho halina kifungu," alisema Romana, akitabasamu kwa mara ya kwanza wiki hiyo. "Ila wewe Warda, injini mpya ikaandikishwe kwenye kadi kabla ya yote. Nikikukamata barabarani hujaandikisha, sitakuwa na huruma."

"Sawa, afande."

Mzee alikuwa amekwishapanda pikapu, upande wa abiria, na usukani amemwachia binti yake. Simu ilikuwa sikioni.

"Mama Warda? Mwizi nimempata," alisema kwa sauti iliyosikika mpaka kwenye vikaango vya samaki. "Kakiri kila kitu. Wakishamaliza kuandikisha namleta nyumbani mwenyewe, kwa gari. Bandika wali wa watatu."